Naomba Kuiona Picha, Afande

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa dereva wa "yaishe". Wanaoishi barabarani wanalijua neno hilo. Trafiki ananyoosha mkono, unasogeza gari pembeni, unatoa leseni, na ndani ya leseni imo noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne. Ikikataliwa, unaandikiwa elfu thelathini, unapokea karatasi, unaitupa juu ya dashibodi na kuondoka ukisonya. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza nimekosa nini hasa, na wala sikuwahi kuonyeshwa.

Mimi napakia nyanya Ilula, mkoani Iringa, nazipeleka Dar es Salaam. Nyanya haina subira. Ukiondoka Ilula jioni, unashuka Kitonga kwa gia nzito, unapita Ruaha Mbuyuni, unakatiza hifadhi ya Mikumi, ambako usiku hutakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, kisha Morogoro, kisha Chalinze. Alfajiri dalali anakusubiri sokoni. Ukimkuta saa mbili una bei. Ukimkuta saa sita una huruma yake tu. Ndiyo maana "yaishe" ilikuwa na akili yake. Nusu saa ya kubishana na askari ilikuwa inanigharimu kuliko faini yenyewe.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi wa tisa mwaka 2021. Pancha ilikuwa imetuchelewesha usiku, kumepambazuka bado tuko njiani, lori langu, Kenta, limebeba matenga themanini na tano, na pembeni yangu ameketi mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa utingo wangu na mwanafunzi wangu wa udereva. Nilikuwa nimempa zoezi: kila tukikuta kibao cha 50 ausome mshale wa spidi kwa sauti. Tukaingia kijiji kimoja kilichojipanga kando ya barabara kuu, tukavuka tuta, nikapanda gia ya tatu, akasoma, "Arobaini na tano, mjomba." Hapo hapo basi la abiria likatupita kwa kasi, ndani ya kijiji, likikwepa bodaboda kwa shida.

Kilomita moja mbele tukasimamishwa. Asiyejua tochi inavyofanya kazi aelewe kwamba askari ni wawili. Mmoja anakaa na kifaa chini ya mti au nyuma ya ukuta wa duka, anapiga gari na kupata picha yenye spidi, umbali na saa. Mwenzake yuko mbele na simu, na picha humfikia kabla gari halijafika. Basi lile lilikuwa limeshapita. Sisi ndio tulionyooshewa mkono.

"Dereva, umepita 74 kwenye 50."

"Afande, kwa mzigo huu? Nimetoka kwenye tuta."

"Tochi haimuonei mtu. Leta leseni."

Akaanza kubonyeza mashine yake, karatasi ikatoka. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuipokea. Ndipo mpwa wangu akasema, si kwa ubishi, bali kama mtoto aliyechanganyikiwa na hesabu: "Mjomba, si tulikuwa arobaini na tano? Mbona unakubali?"

Nimepigwa faini mara nyingi, nimetukanwa, nimelazwa kituoni na gari. Hakuna kilichowahi kunichoma kama swali lile. Nilikuwa namfundisha kusoma mshale, na papo hapo namfundisha kwamba mshale hauna maana, kwamba mtu mzima akiambiwa kitu na mwenye kofia nyeupe anainamisha kichwa hata kama macho yake yameona kingine. Nikaurudisha mkono.

"Afande, hili kosa sikiri. Naomba kuiona picha."

Akanitazama, akatazama mzigo. "Ukikataa ni mahakamani. Nyanya zako zitakungoja?"

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo nilipopaswa kuwa nimefika miaka mingi nyuma. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ile inayoweka kilomita 50 kwa saa mijini na vijijini, na 80 kwa mabasi na magari makubwa ya biashara, haisemi kwamba karatasi ya trafiki ni hukumu. Karatasi ni taarifa ya kutuhumiwa. Ukikiri, unalipa, yamekwisha. Usipokiri, unapelekwa mbele ya hakimu, na huko anayedai ndiye anayethibitisha. Mimi nilikuwa nadhani mahakama ni adhabu ya ziada kwa mbishi. Kumbe ndiyo njia ambayo sheria yenyewe imeiacha wazi kwa anayesema hapana.

Tukapelekwa kituoni. Sitaki kupamba: nilijuta mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Jua lilikuwa linapanda, mpwa wangu anafunua turubai upande huu na kulifunika upande ule ili upepo upite, na kila akishuka ananiangalia bila kusema. Matenga ya chini yalianza kuvuja. Maji mekundu yalidondoka kwenye kingo za bodi, nzi wakakusanyika. Dalali akapiga simu, nikamweleza, akaniuliza kama nimerogwa. Nikampigia mke wangu. Akasema, "Kama huna kosa, kaa." Nikakaa.

Mkuu wao alikuwa mtu mzima, mtaratibu. Akaomba simu ya yule askari, akaikuza picha kwa vidole viwili. Kenta yangu iko mbele, namba zinasomeka vizuri. Nyuma kidogo, upande wangu wa kulia, kuna basi limetoka kwenye njia yake. Chini, 74. Katikati ya picha kulikuwa na alama ndogo ya msalaba, lakini picha ilishapita simu mbili na kufifia, haikujulikana imegusa wapi. Mkuu akasema kile kilichonifanya nimheshimu mpaka leo: "Tusibishane na picha ya simu. Kileteni kifaa."

Mwenye tochi alifika kwa bodaboda karibu na saa sita. Kwenye kioo cha kifaa picha ilikuwa safi. Ule msalaba haukuwa kwenye Kenta. Ulikuwa katikati ya kioo cha mbele cha basi.

Baadaye mkufunzi mmoja wa udereva alinifafanulia. Tochi hizi za leza zinatupa mwale mwembamba sana. Hata gari likiwa umbali wa mita 300, upana wa mwale haufiki mita moja. Kwa hiyo inapima kile ilicholengeshwa, na msalaba unaonyesha ililengeshwa wapi. Yule mwenye tochi alilipiga basi kihalali kabisa. Kilichokosewa ni kusoma: namba zilizoonekana vizuri zilikuwa zangu, aliyepokea simu akazitafuta namba hizo, akaniona nakuja. Sikuona hila mle. Niliona haraka, na mimi haraka naijua.

Mkuu akaagiza faini ifutwe. Nilishukuru, lakini nilikuwa nimejifunza tangu asubuhi, nikaomba waingize namba ya gari kwenye mfumo ili nione kwa macho yangu kwamba imefutika. Wakaingiza. Ile haikuwapo. Ilikuwapo nyingine.

Ilikuwa ya siku tisa nyuma, kijiji hicho hicho, 63 kwenye 50, haijalipwa. Nikaikumbuka. Ni karatasi niliyoipokea bila kuitazama na kuitupa kwenye dashibodi pamoja na risiti za mafuta. Nilikuwa nimeshalewa ushindi, nikasema kwa sauti ambayo naionea haya: "Na hiyo nayo naomba picha."

Mwenye tochi hakukasirika. Akarudi nyuma kwenye kifaa chake, akapita picha nyingi, akasimama, akanigeuzia kioo.

Msalaba ulikuwa katikati ya bampa yangu. 63. Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Na kushoto kwangu, pembeni kabisa mwa lami, wanafunzi watano wa shule ya msingi kwenye mstari, sare za bluu na nyeupe. Wa mwisho ni msichana mdogo amebeba fagio begani na dumu la maji mkononi. Kichwa chake kimegeuka kulitazama gari. Mguu mmoja uko kwenye lami.

Niliiangalia picha ile muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia picha yoyote. Sikuwakumbuka. Hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Nilipita karibu nao kiasi kwamba upepo wa gari lazima uliwapeperusha sare, na ndani ya kichwa changu hawakuwapo hata mmoja. Nilichokumbuka cha asubuhi ile ni kwamba lori lililotoka mbele halikunipigia taa. Kwetu ukiona tochi, unampigia taa anayekuja, naye anapunguza. Ukishapita, unakanyaga tena. Kilichokuwa kinanipunguzia mwendo vijijini miaka yote ni taa za wenzangu. Watoto hawakuwa sehemu ya hesabu.

Nilimwomba mpwa wangu baadaye anisaidie hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda kama mita kumi na nne kwa sekunde moja. Kwa 63 ni kumi na saba na nusu. Sekunde moja ni ule muda kabla mguu haujaifikia breki. Mita tatu na nusu zinazozidi ni urefu wa ule mstari wa watoto.

"Hii nakiri," nikasema. Nikalipa palepale kwa simu, na nyongeza ya kuchelewa juu yake.

Tuliingia Dar es Salaam jioni. Matenga kumi na moja yalikuwa ya kutupa, mengine yakauzwa kwa bei ya kukata tamaa. Ukiweka kwenye mizani, niliokoa elfu thelathini na kupoteza mara kadhaa zaidi. Nimeulizwa sana na madereva wenzangu kama ilistahili, na wengi wanaondoka wakiwa hawajakubali jibu langu. Siwalaumu, mwenye tenga linalovuja hana nafasi ya kusikiliza. Ninachoweza kuwaeleza ni nilivyo sasa. Leseni yangu haina noti ndani. Nikisimamishwa naomba picha, kwa heshima, kabla ya kusema neno lingine. Mara mbili tangu siku ile nimekuta si mimi au kuna utata, nikasimama nalo mpaka likanyooka. Mara moja nimekuta ni mimi, nikalipa bila kununa. Na kwenye kibao cha 50 nashuka mpaka 45, iwe nimepigiwa taa au la, hata mabasi yakinipigia honi kwa nyuma. Nimeacha pia kuondoka Ilula jioni nikiwa tayari nadaiwa muda. Napakia mapema zaidi, nagombana na vibarua wa kupakia badala ya kugombana na barabara.

Mpwa wangu ana leseni yake sasa, na anaendesha Kenta ya tajiri mwingine. Mwezi uliopita alinipigia akiwa njiani. Amesimamishwa, ameambiwa 58.

"Umeiomba picha?"

"Nimeiona, mjomba."

Nikasubiri. Nyuma yake nilisikia magari yakipita na mtu akiuza maji.

"Ni mimi," akasema. "Nimeshalipa. Nilitaka ujue tu."