Nilivyoithibitisha Nadharia ya Nyuzi Magunga

Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba nadharia ya nyuzi imethibitishwa. Haikuwa imethibitishwa. Hata leo haijathibitishwa. Hakuna aliyenidanganya. Nilitaka iwe kweli, nikaisema.

Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari karibu na Magunga, upande wa Suba Kusini. Tarehe 4 Julai 2012 wanasayansi wa CERN, huko Geneva, walitangaza kwamba mtambo wao wenye mzingo wa kilomita 27 umeona chembe mpya, nzito kuliko protoni karibu mara 133. Ndiyo iliyokuja kutambuliwa kuwa bosoni ya Higgs. Nilisikia habari hiyo redioni jioni, na kesho yake nikaingia Kidato cha Pili nikitembea kama mtu aliyealikwa Geneva akakataa kwa sababu ya vipindi vingi. Mchana nikarudia maneno yaleyale kwa Kidato cha Nne, ambao hawakuwa wameniuliza.

Mpaka hapo sikuwa nimekosea. Kosa lilikuja Septemba, walimu tulipogoma. Shule zikafungwa, mimi nikabaki nyumbani na kitabu cha Brian Greene cha 1999 kuhusu nyuzi na muundo wa ulimwengu, nakala iliyochakaa niliyoazimwa na rafiki. Greene anasema waziwazi kwamba nadharia hiyo haina ushahidi wa majaribio. Kurasa hizo nilizisoma. Nilizisoma kwa namna watu wanavyosoma masharti nyuma ya tiketi ya basi.

Kilichoninasa ni historia yake. Mwaka 1968 Mwitaliano Gabriele Veneziano, akiwa hapohapo CERN, aliona kwamba fomula ya zamani ya Euler inaeleza vizuri namna chembe zinazohisi nguvu kali ya nyuklia zinavyogongana. Haukupita muda mrefu, Yoichiro Nambu, Holger Nielsen na Leonard Susskind, kila mmoja kivyake, wakasema kinachoelezwa na fomula hiyo ni kitu kinachotetema, yaani uzi. Wazo hilo likaingia taabani upesi. Lilizaa chembe moja isiyo na uzito ambayo hakuna aliyeihitaji, na kufikia 1973 nadharia ya chembe ziitwazo kwaki na gluoni ilikuwa imeieleza nguvu kali vizuri zaidi. Kisha mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz wakasema chembe ile isiyotakiwa ina sifa zilezile ambazo chembe inayobeba nguvu ya uvutano ingepaswa kuwa nazo. Taka ikageuka mali.

Mimi nilikuwa nimefundisha kwa miaka kwamba nguvu za asili ni nne: uvutano, sumakuumeme, nguvu kali ya nyuklia na nguvu dhaifu ya nyuklia. Nilifundisha pia, kwa sauti ya kupita haraka, kwamba tatu kati yake zina hesabu moja inayozishika pamoja na chembe zake, ila uvutano umebaki nje. Sasa hapa palikuwa na nadharia inayouleta uvutano ndani bila hata kuualika. Ilizaliwa CERN. Higgs nayo imeonekana CERN. Sijui ni siku gani hasa vitu hivyo viwili vilishikana kichwani mwangu vikawa kimoja, lakini mgomo ulipoisha vilikuwa vimeshikana.

Tena nilikuwa nimepata mfano wa kuwaeleza watoto.

Nyatiti, ala yetu ya muziki, ina nyuzi nane. Jathum, yaani mpigaji wake, hukaa kwenye kigoda kifupi, njuga za gara zimefungwa mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hugonga ukingo wa ala huku vidole vya mkono vikichuna. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni mishipi ya nailoni, ileile ya kuvulia samaki. Nikawaambia wanafunzi: chembe zote mnazozisoma ni uzi wa aina moja. Ukitetema hivi unauona kama elektroni, ukitetema vile ni kwaki, ukitetema kwa namna nyingine ni fotoni. Watoto waliokulia kwenye matanga yenye nyatiti mpaka alfajiri walielewa mara moja. Sijawahi kupata darasa tulivu namna ile. Kijana mmoja aliuliza kama nyuzi hizo zimewahi kuonekana. Nikamjibu, "Zimethibitishwa Geneva, Julai hii." Wote wakaandika.

Nataka kueleza vizuri nilivyofika kwenye sentensi hiyo, maana haikunitoka kwa ulevi. Mfano wangu ulikuwa umefaa mno. Kila swali walilouliza lilipata jibu kwenye nyatiti, na kila jibu lilinipa raha, na ile raha nikaihesabu kuwa ushahidi. Mwanafunzi angeniandikia hivyo kwenye ripoti ya maabara ningemkata maksi bila kupepesa macho.

Mwaka uliofuata yalikuja mashindano ya sayansi ya shule za sekondari. Msichana mmoja, sasa yuko Kidato cha Tatu, alikuwa na wazo lake. Baba yake alivua mbuta kwa ndoano, na alilalamika kila siku kwamba mishipi ikiachwa juani ufukoni hukatika kabla ya wakati. Binti alitaka kuchukua mshipi mpya, aukate vipande, aviache juani kwa muda tofauti, vingine avifiche kivulini, halafu akitundikie kila kimoja ndoo na kuongeza mchanga mpaka kikatike. Apime mchanga, achore grafu. Basi.

Nikamwambia ni mradi mdogo.

Nikamshauri tujenge nyatiti ya kuonyesha nadharia ya nyuzi. Alinitazama kwa muda, kisha akakubali, kama wanafunzi wetu wanavyomkubalia mwalimu. Mshipi tuliotumia kufunga nyuzi aliuleta yeye kutoka kwao. Niliukata mwenyewe.

Wakati wa maandalizi uzi wa tatu ulikatika. Akafunga mwingine, akakaza vigingi, na mlio wa ala nzima ukawa si ule wa jana. Akaniuliza, "Mwalimu, sauti zimebadilika. Na chembe zetu je, zimebadilika?" Nilikuwa nimesoma kwamba nadharia ya nyuzi inadai vipimo 10 badala ya vinne tunavyoishi ndani yake, na kwamba vile vya ziada vinaweza kukunjwa kwa njia nyingi kiasi kwamba wataalamu hutaja idadi ya 10⁵⁰⁰, kila njia na chembe zake na nguvu zake. Kwa hiyo nikajibu papo hapo: "Hiyo nayo inafaa. Ni ulimwengu mwingine tu." Akaandika na hilo kwenye ripoti yake. Lilisikika kama elimu.

Siku ya mashindano jaji wa meza yetu alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimsikiliza binti mpaka mwisho, akachuna uzi mmoja, akatabasamu. Kisha akamuuliza: "Sasa binti, kama ulimwengu haukuumbwa kwa nyuzi, ni kitu gani hapa mezani kingekuwa tofauti?"

Binti alifikiri. Hakubabaika, alifikiri kweli, nilimwona. Akasema, "Hakuna, mwalimu. Hata nyuzi zikibadilishwa, nadharia inafaa vilevile." Akafungua ripoti kumwonyesha mahali ilipoandikwa.

Hapo ndipo nilipojisikia. Jaji hakuwa amenisema chochote. Hata hakujua kwamba maneno yale ni yangu. Niliyasikia kutoka kinywani mwa mtoto, yamenyooka, hayana mbwembwe nilizoyatilia mimi, na yalikuwa upuuzi. Uzi ulikatika, jibu langu halikutikisika. Mlio ulibadilika, jibu langu halikutikisika. Ningemwaga ala nzima sakafuni ningesema hiyo nayo inafaa. Nilirudi nyuma kichwani mwezi baada ya mwezi nikitafuta jambo lolote ambalo, kama lingetokea, ningekubali kusema "basi, nyuzi hazipo." Sikulipata. Nilitafuta nikiwa nimesimama pale nyuma ya kamba ya walimu, mikono mfukoni, uso nimeuweka kama wa mtu anayejivunia mwanafunzi wake.

Jaji akauliza uthibitisho ulitoka wapi. Binti akasema Geneva, tarehe 4 Julai 2012. Jaji akamweleza taratibu kwamba kilichoonekana siku hiyo ni chembe ambayo Peter Higgs, na François Englert pamoja na Robert Brout, waliitabiri mwaka 1964, miaka minne kabla ya kazi ile ya Veneziano, na kwamba katika utabiri huo hamna uzi. Binti akageuka kunitazama. Nikatazama mlango.

Njia ya kurudi ilitosha kwa hesabu. Gari lilipoanza kuviona vilima vya Gwassi nikakumbuka jambo ambalo lingenisaidia darasani siku zote. Vilima vile ni masalia ya volkano ya Kisingiri. Majivu yake ndiyo yaliyofunika wanyama wa kale wa kisiwa cha Rusinga, akiwemo yule sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul, ambaye Mary Leakey alipata fuvu lake mwaka 1948. Umri wa majivu hayo, kiasi cha miaka milioni 18, ulipimwa kwa potasiamu: sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo kwenye mwamba hubadilika polepole kuwa agoni, nusu yake ikiisha katika muda wa miaka bilioni 1.25 hivi, na kinachofanya mabadiliko hayo ni nguvu dhaifu ya nyuklia. Kipimo hicho kinaweza kuumbuka. Tabaka la chini likitoka changa kuliko la juu, au jiwe likitoa umri mkubwa kuliko wa dunia yenyewe, mpimaji atajua pameharibika. Nguvu ile nilikuwa nimeipa sentensi moja darasani, nikiharakia nyuzi.

Na ule mradi "mdogo"? Jua hukatisha nailoni kwa sababu fotoni za miale ya urujuanimno zina nguvu ya kuvunja vifungo vinavyoshikilia molekuli zake. Hiyo ni sumakuumeme, moja ya nguvu nne, ikifanya kazi kwenye ufuo wa kwao, na mtoto alikuwa ameshabuni jinsi ya kuipima kwa ndoo. Ule uzi wa tatu ulikatika kwa sababu mshipi ulikuwa mkuukuu, umekaa juani. Jaribio lake lilijifanya lenyewe mbele yangu, mimi nikalipa jina la ulimwengu mwingine.

Hasara ni hii. Hatukuvuka. Shule yetu haikuwa na desturi ya kushindanisha Kidato cha Nne, hivyo nafasi ile ilikuwa yake ya mwisho na niliitumia mimi. Kidato cha Nne cha 2012 kilishamaliza na kuondoka na sentensi yangu, na bila shaka kuna mtu mahali fulani, Sindo au Nairobi, anayeitetea kwenye mabishano kwa sababu mwalimu wake alisema. Hao sikuweza kuwafuata.

Binti nilimwomba radhi siku iliyofuata, bila kumtaja jaji wala kitabu. Alisikiliza, akasema si neno. Kisha akauliza kama anaweza kurudishiwa mshipi wa baba yake. Ulikuwa vipande vinane. Nilimnunulia mwingine Sindo siku ya soko.

Halafu nikaingia darasani mwao. Nikawaambia: niliyosema kuhusu Geneva yafuteni. Mtambo ule huchungulia hadi kwenye umbali wa karibu mita 10⁻¹⁹. Nyuzi, kama zipo, hudhaniwa kuwa na urefu wa karibu mita 10⁻³⁵, yaani nukta ikifuatwa na sifuri 34 kabla ya kukutana na 1. Kati ya hapo na pale pana mara bilioni milioni kumi ambazo hakuna chombo kilichozivuka. Mmoja akauliza kama basi nadharia ni ya uongo. Nikasema hilo pia silijui. Wapo watu makini wanaoifanyia kazi: mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa waliitumia kuhesabu entropia ya aina fulani ya mashimo meusi, na jibu likalingana na lile lililopatikana kwa njia nyingine kabisa. Hiyo ni hesabu kukubaliana na hesabu. Mashimo meusi yenyewe hayakuulizwa.

"Sasa tuandike nini?" akauliza kijana yuleyule wa swali la kwanza.

Nikamwambia aandike kwamba nguvu zinazojulikana ni nne, tatu zina nadharia moja iliyojaribiwa, uvutano bado uko nje. Chini yake aache mistari mitatu mitupu kwa ajili ya nyuzi. Akauliza kama mitatu itatosha. Nikamwambia aache ukurasa.