Kabla ya Kuongeza Oksijeni

Kichanga akigeuka bluu, wodini kwetu sote huwaza mapafu kwanza. Mara nyingi tunapatia: amevuta kinyesi chake cha kwanza, ni njiti, au ana nimonia. Anapewa oksijeni, rangi inarudi. Anayenitia hofu ni yule ambaye oksijeni inapandishwa na midomo haibadiliki. Kwa huyo navuta mashine ya eko, inayopiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti.

Tumboni, damu ya mtoto huyakwepa mapafu kwa kupitia daktasi, mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkuu wa mapafu na aota. Kwa aliyetimiza miezi, hufunga katika siku mbili tatu za kwanza. Lakini wapo ambao mishipa mikuu ya moyo imebadilishana nafasi, au aota imebana, na daktasi ndiyo inayowaweka hai. Ikifunga, wanazidiwa ndani ya saa chache. Hao wanahitaji prostaglandini ili ibaki wazi, na oksijeni nyingi huihimiza kufunga. Kwa njiti shida ni nyingine: inakataa kufunga, damu inafurika mapafuni, na pengine tunatoa ibuprofeni au parasetamo ili ifunge. Mshipa ule ule, dawa zinazopingana! Stethoskopu hainitoshi, kwa sababu daktasi pana inaweza isitoe mlio wowote.

Njiti hapimwi kama mtu mzima. Napasha jeli moto, naingiza mikono kwenye matundu ya inkubeta, namfunua sehemu ndogo tu. Akipoa, mishipa ya mapafu hubana na hali huharibika mikononi mwangu. Naanzia chini ya mbavu, kwa mkono mwepesi. Moyo unasukuma vizuri? Vyumba ni vinne? Mshipa upi unatoka chumba kipi? Damu ya daktasi inaelekea wapi?

Mama akiwa kando namwonyesha. Wengi hushtuka. "Dokta, mbona damu ya mwanangu ni ya bluu?" Namweleza: "Hapana, mama. Rangi hizi zinaonyesha damu inakoelekea: nyekundu inakuja kwenye kifaa nilichoshika, bluu inakimbia." Simwachi aondoke na hofu hiyo.

Mimi ni daktari wa watoto, si bingwa wa moyo. Picha nazirekodi na kumtumia bingwa, na mtoto anayehitaji upasuaji tunampa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aota iliyobana huweza kujificha daktasi ikiwa bado wazi, kwa hiyo picha nzuri ya leo sichoki kuirudia kesho. Na dalili zikiwa nzito, prostaglandini inaanza kabla ya eko.

Ninachopigania ni mashine ikae wodi ya watoto wachanga, usiku na mchana. Mtoto aliye kwenye CPAP, mashine ya kumsaidia kupumua, habebwi kupelekwa jengo la pili kupanga foleni. Na muuguzi wa zamu apewe oksimita, alinganishe oksijeni ya damu kwenye mkono wa kulia na mguu kwa kila mtoto kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Tofauti ikizidi asilimia 3, apime tena. Ikibaki vilevile, aniite hata saa nane za usiku.