Gugu la Chini ya Ukuta

Mpwa wangu Salma,

Nazungumzia lile gugu la maua ya pinki lililoota chini ya ukuta wako huko Leicester, unalotaka kulifyeka lote. Liache, nami siliombei huruma, bali nakupa hesabu ya mkulima. Mmea huo, Geranium robertianum, huishi mwaka mmoja, pengine miwili; ukishazaa, unakufa. Hauna vijiazi vya ardhini kama ndago, na mzizi wake ni haba, ukivuta kidogo tu mche unatoka mzima. Mmea wa namna hii huendelea kwa mbegu peke yake, kwa hiyo mwenye kuzidhibiti mbegu ndiye anayeamua uote wapi. Petali tano zikipukutika, hubaki tunda lenye ncha ndefu mithili ya mdomo wa korongo, mbegu tano zikiwa kwenye kitako chake. Likikauka, vipande vyake hukazana mpaka vikafyatuka, na mbegu hurushwa mita kadhaa. Ndiyo maana huota hata kwenye nyufa za mawe. Basi palilia ncha zingali kijani, ubakize miche michache. Ukichelewa zikakauka, kule kuing'oa ndiko kuipanda.

Utaniambia jimbo la Washington, Marekani, limeuorodhesha miongoni mwa magugu hatari. Ni kweli, na hawakukosea: kule ni mgeni, hustahimili kivuli cha msitu na kuifunika mimea ya asili. Ungekuwa unaishi Seattle, ningekuandikia barua nyingine. Uingereza ni kwao, na nyuki wa huko huyatembelea maua yake kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Wala usiniambie utanunua maua ya vyunguni yanayouzwa kwa jina hilohilo la geraniamu. Yale ni Pelargonium, asili yake hasa kusini mwa Afrika, hutaka jua na huuawa na baridi kali. Hili lako huvuka majira ya baridi likiwa majani yaliyolala chini, tena penye kivuli ambapo maua mengi ya dukani hudumaa.

Harufu sina utetezi nayo: majani yakifikichwa hunuka, basi usiliache karibu na kiti chako cha kupumzikia. Na jirani akilalamika, ana haki, kwa kuwa mbegu hizo hazijui uzio. Miche ya upande wake ing'oe mapema, hata kabla haijachanua.

Mjomba wako