Kitunguu hupima mchana

Wiki hii hakuna PHP wala MySQL. Tunaingia shambani, ila mtaona kwamba hatujatoka mbali na mambo ya programu.

Binamu yangu aliye Uingereza anakuja Naro Moru Desemba, akaniuliza alete nini kwa bustani ya Mama. Alikuwa ameshaona dukani pakiti za mbegu za vitunguu zenye picha za kutamanisha, pamoja na vitunguu vya maua ya tulipu. Nikamwambia aviache vyote. Alidhani nazungumzia kibali cha KEPHIS, ambacho kweli lazima kipatikane kabla ya kuingiza mbegu au mmea nchini. Lakini hata angekuwa nacho, jibu langu lingekuwa lile lile.

Sababu ni hii. Kitunguu hakitungi kwa kuhesabu umri peke yake. Majani yake hupima urefu wa mchana, na mchana ukifikia kiwango cha aina ile, ndipo sehemu ya chini inaanza kuvimba. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini zimeandikwa hivi:

kama mchana >= saa 14: tunga

London mwezi wa Juni hupata mchana wa zaidi ya saa 16. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Sharti hilo halitatimia hapa hata siku moja.

Na ubaya wake ni kwamba programu haianguki. Hakuna ujumbe wa kosa. Majani yanarefuka, yanapendeza, majirani wanasifu, nawe unaendelea kumwagilia. Unakuja kugundua mwezi wa tano, unapong'oa na kukuta shingo nene isiyo na kitunguu.

Kwetu hilo si mchezo. Naro Moru iko upande wa mlima usiopata mvua nyingi; nyingi hunyesha kusini na mashariki ya Mlima Kenya. Januari na Februari mto hupungua sana, na maji ya kumwagilia tunayapata kwa zamu. Vitunguu vya Mama ndivyo karo ya mdogo wangu. Maji ya miezi mitano yakishapotea, hakuna Ctrl+Z.

Kwa hiyo tunabaki na aina za mchana mfupi, kama Red Creole na Bombay Red. Hizo hutunga kwa saa zetu 12.

Tulipu nayo ina sharti lake, ila lake ni baridi: takriban wiki 12 au zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 9. Usiku wetu ni wa kuvaa koti, sikatai, lakini mchana jua linafuta hesabu yote. Unaweza kuidanganya kwa friji, halafu mwaka ujao itadai friji tena.

Mama maua anayataka, ila aliniambia, "Yasininywee maji ya vitunguu." Basi nimependekeza dalia, mzaliwa wa nyanda za juu za Mexico, anayeridhika na mchana wetu. Vitawekwa vishina vichache karibu na jikoni, vinywe maji ya kuoshea mboga. Mbegu si ya kununua, jirani akigawanya zake anakupa.

Angalizo moja tu kwa atakayejaribu. Kiazi cha kula kina macho mwili mzima, lakini cha dalia jicho liko shingoni, pale kinapoungana na shina. Ukipewa kipande kisicho na shingo, hata kiwe kinono namna gani, hakitachipua. Kagua kabla ya kushukuru.

Binamu amerudi kuniuliza, sasa alete nini? Nimemwambia alete makasi mazuri ya kupogolea. Hayo hayapimi mchana.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.