Nyuma ya Usukani Herefordshire

Nilifika Hereford Aprili 2001, na katika kaunti inayojulikana duniani kwa ng'ombe wake sikumwona hata ng'ombe mmoja. Mke wangu, aliyetangulia mwaka mmoja kwa kazi ya uuguzi, alikuwa amenisimulia kwenye simu: ni wekundu, uso mweupe kama waliochovywa kwenye chokaa. Nilichokiona mimi kupitia dirisha la gari moshi ni malisho matupu, mageti yaliyofungwa kwa kamba na, penye kila njia ya kuingia shambani, majani makavu yaliyolowekwa dawa ili magurudumu yapite juu yake. Ulikuwa mwaka wa ugonjwa wa midomo na miguu. Uingereza ilichinja zaidi ya wanyama milioni 6, wengi wao wazima, ili kuukatia ugonjwa njia. Jioni moja upepo uligeuka ukatuletea moshi wa mizoga. Mke wangu alifunga madirisha, akaenda kupika.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekulia kwenye miteremko ya mapeasi na maplamu, na utotoni nimekimbizana na mabasi pale Mombo nikiwa na kikapu kichwani. Kwa hiyo nilipoona bustani za matunda na udongo mwekundu wa Herefordshire nilijidanganya kwamba nimefika nyumbani, ila baridi imezidi. Udongo ule unatokana na mawe mekundu ya mchanga. Mvua ikinyesha, viatu vyote mlangoni vinakuwa rangi moja, kama kwetu.

Mwaka 2003 nilipata leseni ya kuendesha basi, na kwa karibu miaka ishirini niliizunguka kaunti ile kama punda wa kinu. Ukiitazama kutoka juu ni kama sinia: milima ya Malvern upande wa mashariki, Milima Myeusi magharibi, na ng'ambo yake ni Wales. Katikati unajipinda Mto Wye, unaoingia kutoka Wales, unapita chini ya kanisa kuu la Hereford, unazunguka Ross na kutokea kwenye magenge ya Symonds Yat. Ni kaunti ya watu wachache. Sensa ya 2021 ilihesabu kama 187,000 tu kwenye kilomita za mraba zipatazo 2,180, na vituo vya treni ni vinne basi. Asiye na gari alikuwa wangu.

Siku ya kwanza nilitangaza kituo cha Leominster kama kilivyoandikwa, silabi zote. Basi zima lilicheka. Husemwa "Lemsta". Na Weobley, kijiji cha nyumba nyeupe zenye mbao nyeusi zilizopinda kwa uzee, ni "Webli". Abiria wangu wazee walinifundisha majina hayo, na pia kinyongo chao. Mwaka 1974 serikali iliiunganisha kaunti yao na jirani yake Worcestershire, ikabaki hivyo hadi 1998. Nilifika miaka mitatu baada ya talaka hiyo, na bado walikuwa wakiizungumza kama watu waliotoka kwenye ndoa mbaya.

Ng'ombe walirudi taratibu. Nakumbuka asubuhi ya ukungu karibu na Kington, nikapunguza mwendo bila sababu ya barabarani: walikuwa kama thelathini, wamesimama kwenye ua wa miti, nyuso nyeupe tupu, miili imemezwa na ukungu. Bibi aliyekaa nyuma yangu alisema tu, "Hao ndio sisi." Aina hiyo iliandikiwa kitabu chake cha ukoo mwaka 1846, lakini hata kabla ya hapo walikuwa wameshavuka bahari: mwanasiasa Henry Clay aliwapeleka Kentucky mwaka 1817. Leo wako Argentina, Uruguay, Australia. Nimewahi kufikiri kwamba hakuna mwenyeji wa Herefordshire aliyesafiri kuliko ng'ombe wake.

Mnada wa mifugo ulikuwa katikati ya mji wa Hereford. Siku za mnada nilipitisha basi kati ya malori ya kondoo, na sauti ya dalali ilinifikia hata madirisha yakiwa yamefungwa, maneno yakimiminika kama mtama kwenye debe. Wakulima waliuza, wakala, wakanunua misumari, wakapanda basi langu wakinuka samadi na bia. Mwaka 2011 mnada ulihamishiwa nje ya mji. Mwaka 2014 mahali pale pakafunguliwa maduka na sinema. Maduka ni mazuri, binti yangu aliyapenda sana. Lakini tangu hapo mkulima na mtu wa mjini hawakugusana tena mabega, na basi langu la siku ya mnada likawa kama mabasi mengine yote.

Jirani yetu, mzee aliyezaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyenieleza yale ambayo sikuyakuta. Utotoni mwake mwezi wa Septemba ulikuwa wa hopsi, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu wake. Hopsi hutambaa juu ya nyaya ndefu kama maharage yaliyokosa adabu. Familia zilishuka kwa treni kutoka miji ya viwanda ya Birmingham na mabonde ya makaa ya mawe ya Wales, na wahamaji wa Kiromani wakaja na magari yao ya farasi. Kila familia ilichuma kwenye susu la mbao lililotandikwa gunia, na mpimaji akapita na kikapu kuhesabu. Mama mwenye akili, alisema, aliyapepeta maua kabla mpimaji hajafika, ili yavimbe kikapu kijae haraka. Na mpimaji mwenye akili aliyashindilia. Usiku tanuri zilikausha mavuno kwa moto wenye kiberiti, na harufu ile, mzee akiisimulia, alikuwa akifumba macho.

Miaka ya hamsini na sitini mashine ziliingia, treni zile zikakoma. Tanuri nyingi nimezikuta ni nyumba za watu kutoka London, zenye madirisha makubwa ya vioo. Hopsi bado zinalimwa, lakini ukipita Septemba unaona trekta mbili na watu sita.

Matufaha nayo yana mambo yake. Siku zangu za mwanzo niliokota moja chini ya mti kando ya kituo, jekundu la kuvutia, nikaling'ata. Kinywa kilikauka kama nimetafuna zambarau mbichi. Yale si ya kula, ni ya saida, pombe ya matufaha, na uchungu huo ndio unaotafutwa. Mimi si mnywaji, hivyo miaka yote nimeishia kunusa. Zamani kibarua wa shamba alilipwa sehemu ya ujira wake kwa saida, akibeba kipipa chake begani, hadi sheria ya 1887 ilipopiga marufuku kulipa watu kwa pombe. Mwaka huohuo kijana Percy Bulmer, mtoto wa mchungaji wa Credenhill, alianza kukamua saida Hereford. Husemwa mama yake alimshauri afanye biashara ya chakula au kinywaji, kwa kuwa hivyo havipitwi na wakati. Mama huyo angefanikiwa Kariakoo.

Lakini vinapitwa. Miti mirefu iliyochungiwa kondoo chini yake ilishang'olewa mingi kabla sijafika, ikapandwa mifupi kwa mistari. Nami nimeishi hadi kuiona hiyo mifupi iking'olewa. Mahali pengine palitandazwa mahema ya plastiki ya stroberi, meupe bondeni kama ziwa lililoganda. Wanakijiji walilalamika kwamba yanaharibu mandhari. Mimi yalinijazia basi. Ijumaa nilibeba wachumaji kwenda kununua vyakula mjini: kwanza Wapolandi, baadaye Waromania na Wabulgaria, na Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, vijana kutoka Asia ya Kati. Binti mmoja wa Kirigizi alitazama bustani ya mwisho ya matufaha akaniambia kwamba kwao matufaha huota yenyewe milimani. Nilidhani anajisifu. Kumbe ni kweli, tufaha lote la dunia hii asili yake ni milima ya upande ule. Alikuja kuchuma stroberi kwenye kaunti ya matufaha, na mwenye matufaha alikuwa yeye.

Shemeji alipotutembelea nilimpeleka kanisa kuu kuona ramani ya dunia iliyochorwa kama mwaka 1300 kwenye ngozi moja ya ndama. Mashariki iko juu, Yerusalemu katikati. Mwaka 1988 kanisa lilitaka kuiuza kwa kukosa fedha. Kelele zikawa kubwa, ikabaki, na sasa ina jengo lake. Tuliitafuta Afrika. Pembeni kabisa, kusini, wamepangwa viumbe wasio na vichwa, nyuso ziko vifuani. Shemeji alisema hao ni wajomba zangu. Kisha akasoma maandishi ya dhahabu: jina la Afrika limeandikwa juu ya Ulaya, na la Ulaya juu ya Afrika. Mwandishi alikosea. Tulicheka mpaka mhudumu akatusogelea.

Kilichoniuma mimi ni mto. Majira ya joto ya 2004 na 2005 tuliwapeleka watoto kuogelea kandokando ya Hereford, na mwezi wa Juni Wye ulitandikwa maua madogo meupe yenye kiini cha njano, yenye nyuzi ndefu, yakicheza na mkondo. Maji uliyaona mpaka mawe ya chini. Huo ndio mto ambao mwaka 1923 binti mmoja, Doreen Davey, aliuvua samaki aina ya samoni wa karibu kilo 27 pale Winforton. Wavuvi kwenye basi walilitaja tukio hilo kama la juzi.

Kisha yakaja mabanda ya kuku. Hayaonekani vizuri kutoka barabarani, ni marefu, ya kijivu, yamejificha nyuma ya miti, na mtu huyajua kwa pua. Katika bonde zima la Wye, Uingereza na Wales, huhesabiwa kuku wapatao milioni 20. Samadi yao imemwagwa mashambani miaka na miaka, zaidi ya uwezo wa udongo. Mvua huibeba fosfeti hadi mtoni, pamoja na maji taka ya vyoo, na jua likiwaka mwani unaota. Kiangazi cha 2020 nilisimama juu ya daraja nikaona maji ya kijani kama supu ya njegere. Maua hayakuwepo. Upande wa Mto Lugg, kaskazini, ujenzi wa nyumba mpya ulikuwa umekwama tangu 2019 kwa sababu mto haukuweza kupokea uchafu zaidi. Fundi mmoja, abiria wangu, alihesabu hivi: kuku wana nyumba, mwanangu hana. Mwaka 2023 wataalamu wa serikali walitangaza rasmi kwamba hali ya Wye inazidi kuwa mbaya. Na mimi, kusema kweli, nimekula kuku wale kila Jumapili.

Nilistaafu 2022. Jirani yetu sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, macho yamezimika, na kila Juni huniuliza swali moja, kama maua yametoka. Mwaka jana nilishuka mtoni kwanza, ili nisije nikamdanganya. Nilitembea karibu saa nzima. Chini ya daraja la zamani la mawe nilikuta zulia moja, si kubwa kuliko mkeka wa kuswalia, likitikisika kwenye maji mazito. Nikaenda nikamwambia yapo. Hakuuliza mangapi.