Mpwa wangu ni wa nani?

Leo siandiki habari za baraza la madiwani wala bei ya vitunguu sokoni. Naandika jambo la nyumbani, na nimemwomba ruhusa dada yangu kwanza. Amekubali kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisitajwe, la mtoto lisitajwe na la shemeji pia lisitajwe. Sawa, dada. Nimesikia.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yuko Ujerumani mwaka wa tisa sasa. Aliolewa na Mjerumani aliyekuja hapa Morogoro kwa shughuli za utafiti wa udongo, wakafunga ndoa, wakahamia kwao. Wana mtoto mmoja wa kiume, mwakani anatimiza miaka saba. Ndoa imekufa. Hakuna aliyempiga mwenzake wala aliyefumaniwa. Imekufa tu, kama moto wa kuni mbichi. Vyombo wameshagawana, gari limeshauzwa. Kimebaki kile kisichogawanyika.

Habari zilipofika huku, wazee walikaa kikao nyumbani kwa mama, Mwembesongo. Mjomba wetu mkubwa aliteremka kutoka Matombo. Alisikiliza, akanywa chai yake hadi ikaisha, kisha akasema maneno machache: "Mtoto ni wetu. Mwambieni apande ndege aje naye. Hayo mengine tutayazungumza akiwa hapa."

Watu waliitikia kwa vichwa. Na nataka msomaji wangu uelewe kwa nini, maana ni rahisi kusema huyo ni mzee wa shamba asiyejua mambo ya dunia. Sivyo. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto anaingia katika lukolo la mama yake, na kwa jadi hata mashamba ya milimani hufuata upande huo huo. Baba anaheshimiwa sana, lakini kwenye mambo mazito ya mtoto mwenye neno ni mjomba. Mjini hapa mila imelegea, wengi tunaitwa kwa majina ya baba zetu, ila likitokea jambo utaona anayetafutwa ni nani. Kwa hiyo mzee hakuwa anatoa maoni. Alikuwa anatimiza wajibu wake.

Tena sheria ya nchi nayo haimtupi mzee huyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema mahakama ikiamua mtoto akae na nani iangalie kwanza ustawi wa mtoto, halafu matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii ya wahusika. Na inasema inachukuliwa kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaitaka mahakama izingatie maslahi ya mtoto na umuhimu wa kuwa na mama. Ukijumlisha mila na sheria, na mtoto wa miaka sita, mzee wa Matombo anaonekana ana kesi nzuri.

Kuna na la tatu, ambalo mzee hakulijua lakini mimi nilikwenda kulichimba. Kuna mkataba wa kimataifa uliofanyika Den Haag, Uholanzi, tarehe 25 Oktoba 1980, ukaanza kutumika 1 Desemba 1983. Unahusu watoto wa chini ya miaka 16 wanaochukuliwa na mzazi mmoja na kuvushwa mpaka bila ridhaa ya mwenzake. Mkataba huo hauulizi nani mzazi bora. Unauliza tu: mtoto alikuwa anaishi wapi kwa kawaida? Arudishwe huko haraka, na mahakama za huko ndizo ziamue. Nchi zaidi ya 100 zimo. Kwa Afrika wamo Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe, Moroko na wengine. Tanzania haimo. Kenya na Uganda hazimo pia.

Maana yake ni nini? Dada akishuka na mtoto uwanja wa ndege wa Dar, akapanda treni ya SGR hadi hapa Morogoro, hakuna mkataba utakaoilazimisha serikali yetu kumrudisha mtoto. Shemeji itabidi aje mwenyewe, atafute wakili, afungue shauri katika mahakama zetu, kwa sheria zetu, kwa Kiswahili chake cha kuombea maji.

Niliposoma hayo, nakiri moyo uliruka kidogo. Nikasema kumbe inawezekana!

Halafu nikaanza kusoma upande wa pili.

Ujerumani, tangu Julai 1998, talaka haiondoi malezi ya pamoja. Baba na mama wakiachana, wote wawili wanabaki na mamlaka juu ya mtoto mpaka mahakama iseme vingine. Mmoja akimchukua mtoto na kumpeleka nje kumficha mwenzake, ni kosa la jinai, kifungu cha 235 cha sheria yao ya makosa ya jinai, kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Dada angekuja huku mama mlezi na kule mhalifu. Kibali chake cha kukaa kule kinategemea kwamba anamlea mtoto mwenye uraia wa Ujerumani, kwa hiyo asingeweza kurudi tena kirahisi hata kwa mazishi ya rafiki. Na ile miaka saba ya sheria yetu ni dhana inayoweza kupingwa. Kifungu hicho hicho kinaiambia mahakama ikumbuke ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Mtoto amezaliwa kule, shule iko kule, anaota ndoto kwa Kijerumani. Wakili mzuri akisimama pale kwenye kituo chetu cha mahakama akayasema hayo, usidhani hakimu atamcheka.

Lakini siyo hukumu iliyonibadilisha mawazo. Ni jambo dogo la Krismasi.

Dada aliomba aje na mtoto nyumbani wiki nne tu, bibi yake amwone. Shemeji hakukataa kumwona bibi, alikataa safari. Wakaenda mbele ya jaji wa familia huko wanakoishi. Wakili wa shemeji hakumtukana dada wala hakusema ni mama mbaya. Aliuliza swali moja: Tanzania imo kwenye mkataba wa 1980? Haimo. Basi asiporudi, tutampataje mtoto? Safari ikazuiwa kwa sasa.

Mnaona, jamani? Sisi huku tunadhani kutokuwemo kwenye mkataba ni ngao. Kumbe kwa mama yangu, anayekaa Mwembesongo na hajawahi kupanda ndege, ni ukuta. Amemwona mjukuu wake mara moja tu, mtoto akiwa na miezi kumi. Wanazungumza kwa WhatsApp siku ya Jumapili, bibi anasema "hujambo baba", mtoto anajibu "sijambo bibi", halafu wanatazamana kwa sababu maneno yameisha. Mlango ambao mzee wa Matombo anaona tungeupitisha mtoto kuingia, ndio huo huo unaomfanya jaji aogope kumwachia aje hata likizo.

Sasa ugeuze upande wa pili wa shilingi. Mji huu una wageni wengi. Wako wanaofundisha na kutafiti Chuo Kikuu cha Sokoine, wako wa mradi wa panya wa APOPO wanaonusa mabomu na kifua kikuu, wako wamisionari, wako wanaokuja kujifunza Kiswahili. Wengine wameoa hapa, wengine wameolewa. Chukua binti wa Kihonda aliyezaa na mmoja wao. Ndoa ikivunjika, baba anaweza kuamka alfajiri na mtoto mwenye pasi ya kigeni, na jioni wako angani. Mama anabaki Kihonda na cheti cha kuzaliwa. Mkataba haumsaidii, maana mkataba hufanya kazi kati ya nchi wanachama, na nchi yake siyo mwanachama. Itabidi atafute wakili ughaibuni kwa euro. Kwa mshahara upi?

Kuna kinga ndogo hapa nyumbani ambayo wengi hatuijui. Mahakama yetu ikitoa amri ya malezi inaweza kuweka masharti, pamoja na kumkataza aliyepewa mtoto asimtoe nje ya nchi. Lakini sharti hilo lazima uliombe mapema. Mtoto akishapaa, amri ni karatasi. Na siyo kwa Wazungu tu. Ndugu zetu wa pwani na Zanzibar wana ndoa nyingi na Oman. Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, mambo ya Waislamu yako kwa Kadhi. Oman wana sheria yao ya familia ya 1997, ambayo kwa kawaida humwachia mama mtoto wa kiume hadi miaka saba na wa kike hadi abalehe. Oman nao hawamo kwenye mkataba. Mama aliyeko Unguja na mtoto aliyeko Maskati wanategemea huruma ya wakubwa.

Wala sisemi mkataba ni dawa ya kila kitu. Marekani na Brazil zote zilikuwa wanachama, lakini yule mtoto Sean Goldman aliyepelekwa Brazil na mama yake Juni 2004 alirudishwa kwa baba yake mkesha wa Krismasi 2009. Miaka mitano na nusu, na katikati mama yake alifariki. Mtoto aliondoka ana miaka minne akarudi ana tisa. Na kuna akina mama wanaokimbia kipigo, ambao kuambiwa "rudi ulikotoka" ni hukumu ya pili. Mkataba wenyewe unaruhusu mahakama kukataa kumrudisha mtoto kama kuna hatari kubwa kwake, ila kuthibitisha ni kazi.

Hata hivyo nchi yetu imekwisha kuahidi. Tuliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ule wa Afrika mwaka 2003. Yote miwili inasema mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara. Ule wa kwanza unazitaka nchi zijiunge na makubaliano ya kuzuia watoto kuvushwa kwa njia za panya. Tumesaini ahadi, mlango hatujautengeneza.

Basi nilirudi kwa mjomba. Nilikwenda Matombo mwenyewe, maana jambo kama hili halisemwi kwa simu. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia: "Mjomba, ulisema mtoto ni wetu. Ni kweli. Na mimi ni mjomba wake, kama wewe ulivyo mjomba wangu. Lakini akija kwa kuibwa, atakapokuwa na miaka kumi na tano atatuuliza baba yangu yuko wapi. Nani atamjibu?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyo baba yake anampenda?"

Nikasema ndiyo, mjomba, anampenda.

"Basi mmekwama," akasema. Akanifungia ndizi za kupeleka nyumbani.

Sasa hivi mawakili wanaandika makubaliano. Mtoto atakaa kwa mama wiki za shule na kwa baba siku walizopanga. Likizo ya kiangazi mwakani aje Morogoro wiki tano, tiketi ya kurudi ikiwa imelipwa, dada akiweka fedha kama dhamana, na makubaliano hayo yafikishwe pia mbele ya mahakama hapa kwetu kabla hajapanda ndege, ili shemeji awe na pa kushika. Dada analia akisikia neno dhamana. Anasema, "Mdogo wangu, yaani naweka rehani ili nimpeleke mwanangu kwa bibi yake?" Sina jibu la kumpa.

Na akifika miaka 18 kuna mtihani mwingine. Ujerumani tangu Juni 2024 inaruhusu uraia zaidi ya mmoja. Sisi hatumruhusu mtu mzima. Atatakiwa kuchagua. Watu wazima tutakuwa tumeshamaliza kugombana, na yeye ndiye ataulizwa wewe ni wa nani.

Mama ameshaanza kuuliza mtoto wa kule anakula nini. Nimemwambia hata ugali atakula, mama, apike tu. Jaji bado hajaweka sahihi.