Nywele za Ulaya

Mwanangu wa kwanza alikwenda Ulaya akiwa na kichwa kilichonyolewa. Alirudi na nywele nyekundu.

Usishangae, ndugu msomaji. Sisemi Ulaya ya Wazungu. Katika Wilaya yetu ya Kilosa kuna mahali panaitwa Ulaya. Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa mjini, unapapita njiani. Huko ndiko alikokaa mama mkwe wangu.

Ilikuwa Februari mwaka 1983. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, nami nilikuwa nimeshika mimba nyingine. Siku zile tuliamini kwamba maziwa ya mama mwenye mimba ni sumu kwa mtoto. Nikamwachisha kwa siku moja tu. Nilipaka shubiri kwenye matiti, akanyonya, akatema, akalia usiku kucha. Nilimnyoa nywele, na baba yake akampakia katika lori kumpeleka kwa bibi yake.

Bibi alimpenda sana mjukuu wake. Sipendi mtu amlaumu. Lakini ule ulikuwa wakati wa njaa. Mahindi ya zamani yamekwisha, na mapya bado yako shambani. Bibi alimpa alichokuwa nacho. Asubuhi uji mweupe wa muhogo. Jioni ugali wa muhogo na mchuzi wa matembele. Halafu mtoto akapata surua, na baada ya surua akaharisha.

Katikati ya Mei nikamfuata. Tuliposhuka Mikumi stendi, watu walimwona wakacheka. "Huyu kweli ametoka Ulaya! Tazama nywele zake za Kizungu!" Mimi nami nilicheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Nywele zilikuwa nyepesi, zimenyooka, rangi yake kama kutu. Mashavu yalikuwa yamejaa, na miguu imejaa. Sote tulidhani amenenepa kwa bibi. Jambo moja tu lilinitia wasiwasi. Mtoto hakucheza. Nilimweka chini asubuhi, nikamkuta pale pale mchana. Hakutaka kula, wala hakutaka kushikwa.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuuza mayai ya kuchemsha. Mikumi iko katika barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na mabasi yalisimama hapo kila siku. Nilikuwa na kuku wanane. Kila yai lililotagwa lilichemshwa, likatiwa katika beseni, likauzwa kwa abiria. Fedha ilinunua sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Mwanangu alikaa kando ya beseni lile, mkononi ana kipande cha muhogo. Haikunijia hata siku moja kumpa yai. Mayai yalikuwa biashara.

Baada ya siku chache maneno yakaanza. Majirani walinong'ona kwamba mtoto amebemendwa. Maana yake, mama au baba amelala na mtu wakati mtoto ananyonya, na mtoto amedhurika. Upande wa mume wangu walikaa kikao. Niliulizwa maswali ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mume wangu hakunitetea. Mwishowe tulikwenda kwa mganga. Alitupa maji ya magome ya kumwogeshea mtoto, nasi tukamlipa kuku wawili. Wiki mbili zikapita. Miguu ya mtoto ikazidi kujaa, na ngozi ya mapaja ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani.

Mimi nilishughulika na nywele. Ndizo zilizonitia aibu, kwa sababu ndizo watu walizoziona. Nilichanganya masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo, nikampaka kichwani ili nywele zionekane nyeusi.

Mwezi wa Juni nilikwenda kliniki kwa ajili ya mimba yangu. Mtoto nilimbeba mgongoni. Nesi aliyetupokea hakuanza na mimi. Alimshika mtoto kichwa, akatazama mkono wake umekuwa mweusi.

"Mama, umempaka nini?"

Nikanyamaza.

Akashika nywele chache kwa vidole viwili, akavuta polepole. Zikatoka zote. Mtoto hakulia wala hakugeuka. Halafu akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akahesabu moja, mbili, tatu, akaachia. Palibaki shimo. Akabonyeza na mguu wa pili. Shimo vile vile.

"Mtoto hakunenepa, mama," akasema. "Haya ni maji. Mwanao ana kwashakoo."

Ugonjwa huu vitabuni huitwa unyafuzi. Jina la kwashiakoo halikutoka kwa Wazungu. Ni neno la Waga, watu wa Ghana. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi huko wakati nchi ile ikiitwa Gold Coast. Aliona watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Aliwauliza akina mama wanauitaje ugonjwa ule, nao wakamjibu. Mwaka 1935 akaliandika jina hilo, na madaktari wa dunia nzima wakalichukua. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyenyang'anywa nafasi yake na mdogo wake anayezaliwa. Niliposikia maana hiyo nilishika tumbo langu. Akina mama wa Ghana walikuwa wameona kile kile tulichokiona sisi, kwamba mtoto huugua mwenzake akija. Sisi tulisema amebemendwa. Wao walisema amenyang'anywa nafasi, na kwa kweli alichonyang'anywa ni ziwa, asipewe kitu cha kushika mahali pake.

Tulilazwa siku ishirini na moja. Mtoto alipewa maziwa yaliyochanganywa na sukari na mafuta, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, hata usiku. Alipewa na dawa. Siku za kwanza uzito wake ulipungua, nikalia nikijua anakufa. Nesi akanieleza kwamba yale ni maji yanayotoka mwilini, na kwamba kupungua kule ni kuzuri. Siku ya tisa mtoto wa kitanda cha jirani aliangusha kikombe, kikaviringika sakafuni. Mwanangu akacheka. Nesi akaacha kazi yake, akaja kumtazama. "Huyu amepona," akasema. Bado miguu ilikuwa haijakauka.

Kabla hatujaondoka niliomba wembe nimnyoe zile nywele nyekundu. Nesi akanikatalia. "Usimnyoe. Ziache uone."

Alinieleza hivi. Nywele hujengwa kwa chakula cha kujenga mwili, kile cha maharage, mayai, samaki, maziwa, karanga na nyama. Wataalamu hukiita protini. Unywele huota kutoka kwenye shina lake ndani ya ngozi, na kwa mwezi mmoja hurefuka kiasi cha sentimita 1. Chakula kikipungua, mwili hupeleka kidogo kilichopo kwenye moyo na ubongo kwanza. Nywele hungoja. Zinazoota wakati huo ni nyembamba, hazina rangi ya kutosha, na shina lake halishiki. Kwa hiyo anayejua kusoma nywele anajua mtoto alikula nini miezi iliyopita. Nilikuwa nimemnyoa mwezi wa Februari. Nywele zote alizorudi nazo ziliota katika ile miezi mitatu ya muhogo mtupu na surua. Masizi yangu yalipaka juu, na ugonjwa ulikuwa chini.

Sikumnyoa. Mwezi wa kwanza niliona weusi kwenye ngozi, kama kivuli. Mwezi wa pili weusi ulifika nusu ya njiti ya kiberiti. Nilipima kwa njiti kweli, mlangoni, kwenye mwanga. Nywele zikawa nyeusi chini na nyekundu nchani. Kuna watoto ambao hupata njaa, wakashiba, wakapata njaa tena. Wao nywele zao huwa na mistari, mwekundu na mweusi, na wataalamu huiita alama hiyo bendera. Kwa watoto wengine kila masika huchora mstari wake.

Nyumbani mambo yalibadilika, ingawa si kwa siku moja. Mume wangu alikuwa amekuja wodini akasikia maelezo kwa masikio yake. Hakuniomba radhi kwa maneno. Lakini jioni moja alichukua yai katika beseni la biashara, akalimenya, akampa mtoto mbele ya mama yake. Mama mkwe alikuja kukaa nasi. Yeye ndiye aliyekuwa akitwanga karanga za uji, kwa kuwa mimi nilikuwa mzito. Tulimpa mtoto uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa, maharage yaliyopondwa, dagaa waliotwangwa, mchicha na mafuta kidogo, na papai. Tulimlisha mara nne au tano kwa siku, kwa sababu tumbo lake lilikuwa dogo. Vyote hivi vilikuwapo Mikumi hata kabla. Redio ilikuwa imetufundisha mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Nilikaa katika kikundi nikasikiliza, nikaimba na wenzangu. Nilikuwa bado msichana, na nilipoolewa nikasahau.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kwangu. Kadi ya kliniki ya mtoto nilikuwa nayo tangu alipozaliwa. Niliifunga katika kitambaa, nikaiweka sandukuni pamoja na kanga zangu nzuri. Nesi alipoifungua alinionyesha mstari wa uzito. Ulipanda vizuri miezi ya mwanzo, halafu ukalala. Ulilala kabla hata mtoto hajakwenda Ulaya. Kadi ilikuwa inasema, nami sikujua kusoma. Mwaka 1984 nilijiandikisha darasa la kisomo. Mtoto wa pili alikuwa mgongoni.

Huyo wa pili alinyonya miaka miwili. Siku hizi wauguzi hufundisha maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha vyakula vingine huku mtoto akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Hata ukipata mimba si lazima umwachishe mtoto ghafla. Uliza kliniki, nawe ule zaidi.

Alipofika miezi mitatu, nywele zangu mwenyewe zilianza kutoka. Nilikuwa nasukwa na shoga yangu, na kitana kikajaa. Tulitazamana. Alizikusanya upesi akazifukia, asije mtu akazichukua. Nilikimbilia kwa nesi yule yule nikidhani nami nina kwashakoo. Akacheka. Kila mtu, alisema, hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kujua. Wakati wa mimba nyingi hukaa bila kutoka. Baada ya kuzaa hutoka pamoja, kisha huota zenyewe. Lakini alinivuta chini kope la jicho, akaona ndani ni peupe. Nilikuwa na upungufu wa damu, na huo nao hutoa nywele. Akanipa vidonge vya madini ya chuma, akaniambia nile maini nikipata, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa au limao, na nisinywe chai wakati wa chakula kwa sababu chai huzuia chuma kisiingie mwilini.

Si kila kichwa kinachopoteza nywele kina njaa. Mapunye ni ukungu, na dawa yake iko zahanati. Nywele za pembeni mwa paji la uso mara nyingi hutolewa na kusuka kwa kubana sana. Binti wa dada yangu, anayekaa Morogoro, alijinyima chakula ili apungue mwili. Baada ya miezi mitatu nywele zikatoka kwa mafungu. Alinunua vidonge vya nywele kwa fedha nyingi. Nilimwambia auze vidonge anunue maharage. Alikasirika, lakini alikula. Vidonge hivyo havimsaidii mtu anayekula vya kutosha, na vitamini A ikizidi, yenyewe hutoa nywele.

Kwa watoto, usingoje nywele. Nywele huchelewa kusema. Mwaka 1983 ule ule, wenzetu wa Mkoa wa Iringa walianza mpango wa kupima watoto katika vijiji 168, na wazazi wenyewe wakajadili uzito wa watoto wao katika mikutano ya kijiji. Siku hizi kuna utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na mtoto huyo apelekwe upesi. Na ukibonyeza miguu yote miwili ukaona shimo limebaki, nenda siku hiyo hiyo, hata kama mkono ni mnene. Wengi sasa hutibiwa nyumbani kwa chakula cha dawa cha karanga na maziwa, kilichotengenezwa kwanza Ufaransa mwaka 1996. Karanga zetu zilikwenda mbali, zikarudi katika pakiti.

Yule mtoto wa Ulaya sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Mwaka jana alikuja kunisalimu. Akavua kofia, akainama mbele yangu. Utosi ulikuwa unang'aa.

"Mama," akasema, "wewe unayejua mambo ya nywele, nile nini ziote tena?"

Nikamwambia, "Baba yako alikuwa hivyo hivyo, na babu yako pia. Hilo ni urithi, mwanangu. Hakuna maharage ya upara."

Akacheka, akavuta kiti, akaomba mayai.